UZI: Niliwachoma ndama 14 sindano ya "kunenepesha" kwa wiki tano. Watatu wamekufa. Naomba kuelewa kilichotokea mwilini mwao

Mfugaji_Kishapu (#1)

Wakuu habari za jioni. Nimekaa na jambo hili wiki mbili nzima, nikaona niliweke hapa lote bila kuficha kitu, maana kuna wenzangu wanaelekea nilikopita mimi.

Nanenepesha ndama dume huku Shinyanga. Nanunua mnadani wa miezi minane hadi mwaka, kilo 120 hadi 150, nawaweka zizini miezi mitatu kwa maganda ya pamba, mashudu, pumba za mpunga na molasi kidogo. Safari hii nilianza na 14. Muuzaji mmoja wa dawa (simtaji, nazungumzia dawa tu) aliniambia ipo sindano ya kunenepesha, kila mtu anaitumia, nisiachwe nyuma. Akanipa chupa saba za mililita 100. Nikawa nachoma kila ndama mililita 5 mara mbili kwa wiki, wiki tano.

Mwanzoni nilifurahi. Walikula kama hawajawahi kuona chakula, manyoya yakang'aa, wakajaa huku mgongoni na mashavuni. Ila maji! Pipa lililokuwa linatosha siku nzima likawa linaisha saa saba mchana, na zizi likawa tope la mkojo wakati wa kiangazi. Katikati ya kazi nikaongeza ndama wengine wanane, hao sikuwachoma kwa sababu hela ya dawa iliisha. Na hao 14 nikaacha kuwachoma siku hiyohiyo, ghafla.

Siku ya tisa baada ya kuacha niliwapakia wote 22 kwenye lori kwenda mnadani. Tulikaa saa tisa nzima barabarani, mvua juu yao. Wale wanane ambao hawakuchomwa walishuka wakitikisa masikio. Katika wale 14, wawili walikuwa wamelala chini, masikio ya baridi, wamelegea kama nguo iliyolowa. Walikufa usiku uleule. Mnunuzi aliwabonyeza wengine mgongoni akasema hawa wana maji, akanipa bei ya kunifukuza. Nikawarudisha nyumbani. Wiki moja baadaye wa tatu akafa, huyu alikuwa anahema kwa shida na povu puani.

Chakula kilekile, lori lilelile, mvua ileile. Kwa nini wale wanane wapo salama?

Ng'wana_Mashauri (#2)

Pole sana mkuu. Weka hapa kilichoandikwa kwenye chupa, neno kwa neno. Bila hivyo tutabaki kubahatisha.

Mfugaji_Kishapu (#3)

Nimeokota chupa moja jalalani. Imeandikwa Dexamethasone Sodium Phosphate 2 mg/ml. Hakuna mahali palipoandikwa kunenepesha.

DaktariWaZizini (#4)

Kaka pole. Mimi ni daktari wa mifugo Kanda ya Ziwa, na kisa chako nimekutana nacho kwa sura nyingine mara nyingi. Nitaandika kirefu kwa sababu umeuliza swali zuri: kwa nini wale wanane wapo salama. Jibu la yote liko kwa hao wanane.

Deksa ni kotikosteroidi. Ni ndugu wa kutengenezwa wa homoni ambayo ndama anayo tayari, kortisoli, ila katika kutuliza uvimbe ina nguvu kama mara 25 ya kortisoli na inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Kortisoli inatoka kwenye tezi mbili ndogo zilizo jirani na figo, adrenali. Lakini tezi hizo hazijiamrii. Ubongo unaituma pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, nayo inamwaga kwenye damu homoni iitwayo ACTH, na ACTH ndiyo inayoiambia adrenali ifanye kazi. Kortisoli ikitosha, ubongo unaona na kupunguza amri. Ikipungua, unaongeza. Hivyo ndivyo mwili unavyojipima kila saa.

Wewe umeingiza miligramu 10 kila baada ya siku tatu au nne. Ubongo wa ndama hauwezi kujua kama homoni hii imetoka kwenye tezi au kwenye bomba la sindano. Unaona imejaa tele, unanyamaza. ACTH inashuka. Adrenali isiyopata amri inaacha kutengeneza kortisoli, na ikikaa hivyo wiki tano tabaka lake la nje linasinyaa kabisa. Ni kama nyumba ambayo jirani anawaletea ugali uliopikwa kila siku: mafiga yanapoa, kuni hazikusanywi, mwisho hakuna hata kibiriti. Halafu siku moja jirani anahama bila kuaga.

Siku ya kuacha sindano ndiyo siku jirani alipohama. Ndama zako walionekana wazima zizini kwa kuwa zizini hakukuwa na shida inayodai kortisoli nyingi. Shida ilikuja kwenye lori. Ng'ombe akisafirishwa, akinyeshewa, akikosa chakula kwa saa tisa, mwili wake unahitaji kortisoli ipande haraka. Ndiyo inayosaidia mishipa kushikilia presha ya damu, ndiyo inayoliambia ini litoe sukari wakati tumbo halina kitu. Wale wanane adrenali zao zilikuwa na moto, zikaitika. Wale wawili zao ziliamshwa hazikuamka. Presha ikashuka, sukari ikashuka, wakalegea. Masikio ya baridi uliyoyashika ni damu iliyoondoka pembezoni mwa mwili.

Nikisema neno hili najua litauma: angekuwepo mtu wa kuelewa pale mnadani, kilichokuwa kinahitajika ni dripu ya chumvi na glukosi pamoja na dozi ya dawa ya jamii hiyohiyo uliyoiacha, kisha kuipunguza polepole siku kwa siku mpaka tezi iamke yenyewe.

Huyo wa tatu ni habari nyingine kidogo. Kotikosteroidi inafunga mdomo kinga ya mwili. Chembe za ulinzi aina ya limfosaiti zinapungua kwenye damu, na tezi ya thaimasi, ambayo kwa ndama iko shingoni na kifuani na ndiyo inayozifunda chembe hizo, inanywea na kujaa mafuta. Uliwahi kuchoma ndama wa huku kwetu, penye kupe, ambaye mwilini mwake kuna vimelea vya ndigana vilivyotulia? Au virusi vya IBR, ugonjwa wa njia ya hewa wa ng'ombe, vimejificha kwenye neva? Virusi hivyo vinajulikana sana kwa hili: watafiti wakitaka kuviamsha makusudi kwenye ng'ombe aliyevibeba kimya, wanamchoma deksa. Halafu deksa inaficha homa, kwa hiyo unaweza kumpita asubuhi ukadhani mzima. Mhemo na povu puani yanaweza kuwa ndigana kali au nimonia. Ulimpasua?

Mfugaji_Kishapu (#5)

Hapana daktari, nilimzika. Lakini tezi chini ya sikio zilikuwa zimevimba, nilizishika mwenyewe.

DaktariWaZizini (#6)

Basi ndigana kali ndiyo ya kuiweka mbele. Waliobaki 11 wapime joto asubuhi na jioni, na damu yao ipelekwe maabara kabla hujawapa kitu chochote. Chanjo usiwape sasa, kinga yao haitaitika vizuri.

Mnenepeshaji_Bora (#7)

Kwa heshima zote daktari, mimi naitumia mwaka wa pili na ng'ombe wangu wanaongezeka. Nawapima kwa kamba kifuani, na namba zinapanda. Tusiwatishe watu kwa sababu ya mmoja aliyezidisha dozi.

DaktariWaZizini (#8)

Ndugu yangu, sikatai kwamba kamba yako inapanda. Swali ni kinachopandisha kamba ni kitu gani.

Kwa dozi ndogo deksa inaongeza hamu ya kula, na mwili unashika maji na mafuta. Ng'ombe anayekula na kunywa zaidi anajaa tumbo, na kamba inaona. Lakini nyama, ile misuli yenyewe, inajengwa kwa protini, na kazi ya kotikosteroidi kwenye protini ni kubomoa. Inachukua misuli na kuigeuza kuwa sukari ini litumie. Ndiyo maana ukiendelea, ndama anakuwa na mgongo laini wenye mafuta huku mapaja yanapungua. Mnunuzi wa Kishapu hakuwa na kipimo chochote, alibonyeza kwa kidole tu akajua.

Na kuna jambo ambalo wanenepeshaji wa madume hawaambiwi. Dume wa mwaka mmoja ananenepa vizuri kuliko maksai kwa sababu ya testosteroni inayotoka kwenye korodani zake. Hiyo ni homoni ya kujenga misuli, anayo bure, hukuinunua. Korodani nazo zinangoja amri ya pituitari, homoni ya LH. Kotikosteroidi inaikandamiza LH, na testosteroni inashuka nayo. Kwa hiyo umetoa hela ukanunua dawa ya kumnyang'anya ndama homoni iliyokuwa inakutengenezea nyama. Hili linanikera kuliko mengine yote, kwa sababu mfugaji analipa mara mbili.

Upande wa tezi ya shingo, thairoidi, homoni ya T3 inayosukuma uchomaji wa chakula mwilini inapungua. Upande wa sukari, damu inajaa glukosi, insulini inapanda lakini mwili hauisikii vizuri. Sukari ikizidi inavuka kwenye mkojo na kuvuta maji, na deksa yenyewe pia inaongeza mkojo. Hilo ndilo pipa lililoisha saa saba mchana. Upande wa mifupa, zile sahani za gegedu kwenye ncha za mifupa mirefu, ambako ndama anarefukia, zinapunguza kasi. Ndama wa miezi minane aliyechomwa muda mrefu anaweza kubaki mfupi maisha yake.

Na suala la dozi: Kishapu alitoa miligramu 10 kwa ndama wa kilo 130. Hiyo kwa sindano moja ya kutibu uvimbe haiko mbali na dozi ya kawaida. Alichozidisha hasa ni siku.

Nashipae_Narok (#9)

Daktari, mimi niko Narok, Kenya. Nina swali ambalo limenisumbua. Mtamba wangu alikuwa na mimba ya miezi minane akavimba goti. Jamaa wa agrovet akamdunga hii dexa mara moja pekee. Baada ya siku mbili alizaa ndama mdogo sana, akafa, na kondo la nyuma likakataa kutoka mpaka likaoza. Nilidhani ni brucella, ule ugonjwa wa kutupa mimba, lakini vipimo vilisema hakuna. Inaweza kuwa ni hiyo sindano?

DaktariWaZizini (#10)

Pole sana dada. Ndiyo, kwa jinsi ulivyoeleza, sindano ndiyo ya kwanza kuishuku.

Ng'ombe anabeba mimba takriban siku 280, na anayeamua siku ya kuzaliwa ni ndama mwenyewe. Adrenali za ndama aliye tumboni zikikomaa zinatoa kortisoli, nayo inalifanya kondo ligeuze projesteroni, homoni inayotunza mimba, kuwa estrojeni. Hapo mji wa mimba unaanza kukaza na njia kufunguka. Deksa inavuka hadi kwa ndama na kuiga sauti yake. Mwili wa mama unadhani mtoto amesema niko tayari. Katika mwezi wa mwisho sindano moja inatosha, na kuzaa hutokea ndani ya siku mbili au tatu. Kondo kubaki ndani ni jambo la kawaida kabisa kwa ng'ombe aliyezalishwa hivyo, kwa sababu halikuwa limeiva kuachia. Madaktari tunaitumia makusudi pale mama yuko hatarini. Kwa goti ilibidi uulizwe kwanza: ana mimba?

Nesi_wa_Wodi_ya_Wazazi (#11)

Niongezee kidogo kutoka upande wa binadamu, maana imenigusa. Wodini kwetu mama akianza uchungu kabla ya wakati, tunamchoma deksa ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Ujuzi huo ulianzia kwa kondoo: Graham Liggins wa New Zealand, katika miaka ya 1960, alikuwa anachunguza kinachoanzisha uchungu, akaona wanakondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa hii wanapumua wakati walipaswa kushindwa. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakatoa matokeo ya akina mama. Watoto wangapi nimewashika wakiwa hai kwa sababu ya kondoo wale! Dawa hii ina heshima yake kubwa. Inaniuma kuisikia inachomwa kama mashudu.

Mwana_wa_Bukavu (#12)

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani ninaishi Ubelgiji, na nimefanya kazi kwenye mabanda ya ndama. Huku jambo hili lilimwaga damu ya mtu. Mkaguzi wa nyama, daktari wa mifugo Karel Van Noppen, alikuwa anawafuatilia watu waliouza homoni za kunenepesha ng'ombe. Tarehe 20 Februari 1995 alipigwa risasi karibu na nyumba yake. Mwaka 2002 mahakama iliwatia hatiani watu wanne. Ndipo watu wa kawaida walipoelewa kwamba kwenye sindano za zizini kuna pesa ya kuua.

Kabla ya hapo, mwaka 1980, Italia walikuta homoni ya DES kwenye chakula cha watoto wachanga kilichotengenezwa kwa nyama ya ndama. Watu waligoma kununua nyama ya ndama, na mwaka uliofuata nchi za Ulaya zikaanza kupiga marufuku homoni za kukuzia. Leo deksa inaruhusiwa kwa kutibu tu, daktari anaandika, siku za kusubiri zinahesabiwa. Wanaoitumia kwa siri huitia kidogokidogo kwenye maziwa ya ndama, chini ya miligramu moja kwa siku, ili mkojo usiseme kitu. Kwa hiyo wataalamu wa Italia wameanza kuangalia thaimasi machinjioni. Mkojo unasafishika baada ya siku chache, thaimasi inabaki inasema.

Buchani_Temeke (#13)

Hapo kwenye thaimasi nimeshtuka. Mimi nachinja miaka 17. Ndama mzima ukimfungua shingo, pembeni ya koromeo unakuta kinofu cheupe chenye uwaridi, kina mafundo kama zabibu, kinajaa kiganja na kushuka mpaka kifuani. Mwaka huu nimefungua ndama kadhaa, mahali pale nikakuta utando wa mafuta ya njano, kinofu hakuna. Na nyama ukiitundika inachuruza maji mpaka sakafu inateleza. Nilikuwa nadhani ni ng'ombe wa aina fulani. Sasa daktari, mlaji yuko salama?

DaktariWaZizini (#14)

Kaka, umeeleza thaimasi vizuri kuliko kitabu changu cha chuo. Inapungua pia kwa umri na kwa ugonjwa mrefu, kwa hiyo peke yake haimtii mtu hatiani, lakini kwa ndama mdogo aliyenona inatosha kuuliza maswali.

Kuhusu mlaji: kiwango cha juu kilichowekwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, ni mikrogramu 1 ya deksa kwa kilo ya nyama au figo ya ng'ombe, 2 kwa kilo ya ini, na 0.3 kwa lita ya maziwa. Sindano moja ya miligramu 10 ni mikrogramu 10,000. Mwili unaitoa haraka kiasi, ndiyo maana lebo huandika siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na siku hizo hutofautiana kati ya dawa na dawa, zisome. Anayechoma Jumatatu na kuchinja Jumatano anamlisha mtu dawa, na mahali ilipochomwa sindano ndipo inapobaki nyingi zaidi. Moto wa jikoni usiutegemee kuiondoa. Ukiona mafuta ya njano mahali pa thaimasi kwa ndama mdogo, mwite mkaguzi wa nyama hapohapo, mzoga ukiwa bado umetundikwa.

Mnenepeshaji_Bora (#15)

Daktari nimesoma yote mara mbili. Nina madume 30 ambao wamechomwa wiki ya tatu sasa. Niache leo?

DaktariWaZizini (#16)

Usiache ghafla, na usiendelee. Mtafute daktari wa mifugo wa karibu nawe aje awaone, apange namna ya kushusha dozi hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, na kila hatua aandike tarehe. Katika kipindi hicho wasisafirishwe, wasihasiwe, wasikatwe pembe, wasichanjwe. Maji na chumvi viwepo muda wote. Kupe wadhibitiwe kuliko kawaida. Anayelegea au kukataa chakula asingojewe hadi kesho. Na hakuna wa kuchinjwa mpaka siku za kusubiri zihesabiwe kuanzia sindano ya mwisho kabisa. Nitumie ujumbe wa faragha useme uko wilaya gani.

Mfugaji_Kishapu (#17)

Wakuu, narudi baada ya siku 24.

Daktari wa wilaya alikuja kesho yake. Katika wale 11, wanne walikutwa na vimelea vya ndigana kali kwenye damu, wakatibiwa kwa buparvakwoni, wote wamepona. Watatu waliokuwa dhaifu zaidi walirudishiwa dozi ndogo sana na kushushwa kidogokidogo, juzi wamemaliza. Maji yamerudi kuwa pipa moja kwa siku. Mgongoni wamepungua, kwa macho wanaonekana wamekonda kuliko wale wanane, na nimekubali. Nimepiga hesabu: dawa, ndama watatu, lori kwenda na kurudi. Hela hiyo ingenunua mashudu ya miezi miwili kwa ndama wote 22.

Yule muuzaji nilimfuata, nikamwonesha lebo, nikamsomea. Alisema naye aliambiwa hivyohivyo na aliyemuuzia. Nimemwachia namba ya daktari.

Kuna mmoja mwenye baka jeupe begani, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka kila asubuhi, tulikuwa tunamsukuma watu wawili. Leo nimefika zizini saa kumi na mbili nikamkuta ameshasimama, yuko kwenye hori, anawapiga wenzake vikumbo apate nafasi. Nimesimama pale nikimwangalia muda mrefu.

Daktari, hawa niwapakie lini?

DaktariWaZizini (#18)

Waache wale wiki sita nyingine. Nitapita mwenyewe Alhamisi niwaone kabla hujaita lori.